Umenunua Bei, Hukununua Kitu

Juma hili nimeahirisha mazungumzo yetu juu ya kuhifadhi maharage nyumbani, kwa sababu ya barua niliyoletewa na mama mmoja, mke wa koplo. Mama huyo anaeleza kwamba mumewe amekuja likizo akiwa amebeba ufito wa kuvulia wenye gurudumu la kukunjia mshipi, pamoja na kisanduku kidogo kilichojaa ndoano zilizovishwa manyoya ya kuku. Mume anajisifu kwamba amevipata kwa bei ya chee. Fedha zilizotumika zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya godoro la watoto. Mama anamaliza barua yake kwa swali hili: "Je, kitu kuwa rahisi ndiyo sababu ya kutosha ya kukinunua?"

Swali ni fupi, nami ningeweza kulijibu kwa neno moja tu. Lakini sina haki ya kumcheka koplo, kwa kuwa mwaka juzi mimi mwenyewe nilitenda kosa lile lile, kwa vifaa vya namna ile ile, na hasara yake haikuishia katika fedha. Kwa hiyo nimeona ni heri niungame kwanza, kisha nieleze niliyojifunza, ili aliye na haja ya vifaa hivi anunue kwa macho yaliyo wazi, na asiye na haja navyo apate kipimo cha kupimia kitu kingine chochote kiitwacho rahisi.

KISA CHENYEWE

Kaka yangu mkubwa ni sajenti. Alitumikia Somalia, ambako majeshi ya nchi yetu yalianza kupelekwa mwaka 2007, akarudi na jeraha la mkono wa kushoto na ukimya ambao hatukuwahi kuuona kwake. Mkono ulipona, lakini vidole vilibaki vizito. Usiku hakulala vema, na mchana alikaa kwenye benchi chini ya mwembe, akitazama barabara. Watoto waliokuwa wakimkimbilia zamani walianza kumpita kando kwa heshima, na heshima ya namna hiyo inaumiza kuliko utovu wa adabu.

Daktari alishauri, pamoja na matibabu mengine, apatiwe shughuli ya utulivu itakayofanyisha vidole kazi. Nilikumbuka kwamba tulipokuwa wadogo baba alikuwa akituchukua Jinja kwa mjomba, na kaka ndiye aliyekuwa mvuvi wetu, akikaa kutwa kando ya Mto Naili na mwanzi wake, mshipi, chubwi na minyoo katika kopo. Vilevile nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 2005, katika hospitali ya jeshi iliyokuwa ikiitwa Walter Reed, mjini Washington huko Marekani, ulianzishwa mpango uitwao Project Healing Waters, wa kuwafundisha askari waliojeruhiwa kuvua kwa nzi wa bandia na kufunga nzi hao kwa mikono yao. Nikasema moyoni: kama imewafaa wale, kwa nini isimfae kaka yangu?

Nikaanza kuweka akiba ya shilingi 50,000 kila mwezi. Zilipofika 200,000 nilikwenda Kampala kwa shughuli za ofisi, na katika duka moja nikaona ufito, gurudumu, mshipi na nzi dazeni mbili, vyote katika mfuko mmoja. Mwuzaji alisema 260,000. Nilipogeuka kuondoka akaniita, akasema 220,000. Nikatoa 180,000, naye akapokea kwa haraka ambayo ingepaswa kunitia shaka. Nilirudi nyumbani nikijiona kama jemadari aliyeteka mji.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda mtoni. Nawaambia kweli, ndugu zangu, sikuwahi kuona chombo kikimkaidi mtu namna ile. Kaka aliinua ufito akarusha, mshipi ukaanguka miguuni pake kama utumbo wa mbuzi. Akarusha tena, ukamzonga shingoni. Alijaribu kwa muda wa saa nzima, jasho likimtoka, na vidole vile vizito vikijitahidi kufumbua mafundo. Mwishowe aliulaza ufito juu ya majani, taratibu sana, akasema, "Hata hili nalo limenishinda." Tukarudi nyumbani bila ya neno, naye akaenda kukaa kwenye benchi lake.

Usiku mke wangu, aliyekuwa ameyaona yote katika uso wa shemeji yake, aliniambia, "Baba Musa, wewe umenunua bei, hukununua kitu." Sijapata kusikia somo la uchumi lililo fupi kuliko hilo.

KOSA LILIKUWA WAPI

Jinja nilikutana na mzee mmoja, fundi wa saa, ambaye ujanani alikuwa akiwabebea vyombo wageni waliokuja kuvua. Alivitazama vifaa vyangu, akaniuliza, "Mwalimu, mshipi huu una namba gani?" Nikamjibu kuwa sijui. Akasema, "Basi hujui ulichonunua."

Akanifundisha jambo ambalo ndilo msingi wa uvuvi huu wote. Katika uvuvi tuliouzoea, uzito uko mwisho wa mshipi: unatupa chubwi, nayo chubwi inauvuta mshipi kwenda majini. Katika uvuvi wa nzi wa bandia mambo yamegeuzwa. Nzi ni ndoano ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya, haina uzito wa kutosha kutupwa popote. Kinachotupwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene, umefunikwa plastiki, na una uzito uliokusudiwa. Mshipi ukirushwa nyuma huukunja ufito kama upinde, na ufito ukijikunjua huusukuma mshipi mbele, na nzi hufuata kama mkia. Mshipi ukiwa mwepesi mno ufito haukunjiki, na usiokunjika hausukumi kitu.

Kwa hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda vimekubaliana juu ya namba. Hupimwa futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani mita 9 na kitu, na namba hutolewa kwa uzito wake. Namba 4 ni gramu 7.8 hivi, namba 5 ni gramu 9.1, namba 6 ni 10.4, namba 7 ni 12, namba 8 ni 13.6. Ufito nao huandikwa namba ya mshipi unaoufaa, karibu na mpini. Wangu uliandikwa 8.

Mzee akanipeleka kwa sonara, jirani yake, mwenye mizani ya kupimia dhahabu. Tukapima futi 30 kwa kamba, tukaukunja mshipi, tukauweka juu ya kisahani. Mizani ikasoma gramu 7.8. Nilikuwa nimempa kaka yangu ufito wa namba 8 na mshipi wa namba 4, yaani zaidi kidogo tu ya nusu ya uzito uliotakiwa. Hakuna mkono, mzima wala mgonjwa, ambao ungefanikiwa. Mwuzaji alikusanya masalio ya vifaa mbalimbali akayatia katika mfuko mmoja, na mimi nikasifu mfuko.

Nilipomweleza kaka jioni ile, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo si mkono wangu?" Nikamjibu, "Si mkono wako, Kaka. Ni ujinga wangu." Alicheka kidogo, na lilikuwa jambo geni nyumbani kwetu kwa miezi mingi.

UTARATIBU WA KUNUNUA

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba mwenye fedha kidogo hana budi kupanga vifaa kwa umuhimu, atoe fedha nyingi penye haja kubwa, na abane penye haja ndogo. Utaratibu nitakaoueleza ni kinyume cha ule unaofuatwa na wengi, ambao huvutwa na gurudumu linalong'aa.

Cha kwanza ni mshipi. Soma maandishi ya kasha lake. Herufi za mwanzo hueleza umbo, namba hueleza uzito, herufi ya mwisho hueleza kama unaelea au unazama. WF8F maana yake ni mshipi mnene upande wa mbele, namba 8, wenye kuelea. S mahali pa F ni wenye kuzama. DT8F ni mshipi uliochongoka ncha zote mbili kwa usawa. Huu wa pili ndio rafiki wa mtu mwenye mshahara mdogo, kwa sababu ncha moja ikichakaa unaugeuza mshipi kwenye gurudumu na kutumia ncha ya pili. Ni kama shati la zamani ambalo mama alilibandua kola akaigeuza. Jihadhari tu, maana siku hizi viwanda vingine hutengeneza mishipi mizito kidogo kuliko kipimo cha namba yake.

Ukinunua mshipi wa mtumba, upitishe wote kati ya vidole. Ukihisi nyufa ndogo kama ngozi ya mjusi, plastiki imekufa. Mshipi huo utakunywa maji na kuzama. Ukihisi uchafu tu, maji ya vuguvugu na sabuni laini yataurudishia uhai. Usiupanguse kwa petroli. Wala usiushike ukiwa umejipaka dawa ya kufukuza mbu, kwa sababu nyingi za dawa hizo zina kemikali inayoyeyusha plastiki. Mshipi usio na maandishi usiukatae kabla ya kuupima kwa sonara. Mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa hata mwuzaji hajui ni nini.

Cha pili ni ufito. Zamani fito bora zilitengenezwa kwa vipande vya mianzi ya China vilivyopasuliwa na kugundishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja za nyuzi za kioo. Na tangu miaka ya 1970 zimeenea za nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na zenye nguvu. Za nyuzi za kioo hudharauliwa na wapenda mtindo, na kwa sababu hiyo hupatikana kwa bei nafuu. Ni nzito kidogo, lakini huvumilia mikono ya mwanafunzi. Kwa mito midogo yenye trauti, ufito wa futi 8 au 9 wa namba 5 unatosha. Kwa Naili yetu, yenye maji ya nguvu na samaki wenye mabavu kama kisinja, tafuta namba 7 au 8.

Kabla ya kutoa fedha, uunganishe ufito wote. Tazama kutoka mpinini hadi nchani kwa jicho moja kama unavyotazama mtutu wa bunduki. Askari hawahitaji kufundishwa hilo. Utikise: ukisikia mgongano, maungio yamelegea. Pitisha uzi mwembamba wa pamba ndani ya kila kipete cha kupitishia mshipi na kuusugua. Pamba ikinasa, kipete kina mfuo ambao utaukata mshipi wako kama msumeno. Kagua kama nyuzi zilizofunga vipete zimefumuka. Hilo si kosa kubwa, fundi wa mkono mwepesi anaweza kulitengeneza kwa uzi na vanishi, na ni sababu nzuri ya kuteremsha bei. Lakini ufa katika mwili wa ufito hauna dawa. Uache, hata ukipewa bure.

Cha tatu ni uzi mwembamba wa mwisho, usioonekana majini, unaofungwa kati ya mshipi na nzi. Unene wake huandikwa kwa namba yenye X, na kadiri namba inavyokua ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Hesabu yake ni rahisi: toa namba ya X katika 11, utapata unene katika sehemu za elfu za inchi. Kwa hiyo 4X ni sehemu 7, ambayo ni milimita 0.18, na 0X ni sehemu 11, yaani milimita 0.28. Trauti watosheka na 4X au 5X. Kisinja huhitaji 2X au nene zaidi. Uzi huu usiununue mtumba hata siku moja. Jua na miaka huudhoofisha bila ya kuacha alama, nawe utagundua siku samaki wa maisha yako atakapoondoka na nzi wako mdomoni.

Cha mwisho, na hapo ndipo wengi watashangaa, ni gurudumu. Kwa samaki wadogo kazi yake ni kuweka mshipi tu, kama kibiringo cha uzi wa cherehani. Ukitaka kubana fedha, bana hapa. Kwa Naili utahitaji lenye breki inayovuta bila ya kushtuka-shtuka. Livute mshipi kwa mkono dukani ulisikilize. Lakini gurudumu la fahari juu ya mshipi mbovu ni sawa na kofia ya afisa juu ya kichwa kisicho na amri.

NZI WALIOKO JIKONI

Sasa nageukia mahali penye nafuu kubwa kuliko zote. Nzi wa bandia hupotea: hunasa katika mizizi, katika miti, na wengine huenda na samaki. Mtu anayenunua kila mmoja dukani atafilisika polepole, maana bandu bandu huisha gogo. Ajabu ni kwamba wengi wa nzi wanaouzwa Ulaya na Marekani hufungwa hapa jirani, nchini Kenya, na mafundi hodari ambao wengi wao ni wanawake. Anayepita Nairobi aulize huko kabla ya kuagiza ng'ambo, asije akalipia safari ya kitu kutoka Afrika kwenda Ulaya na kurudi tena.

Kenya wana sababu ya kuijua kazi hii. Mwaka 1905 trauti kutoka Uskochi walipandikizwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, na baadaye wakaenezwa katika mito ya Mlima Kenya. Wasomaji wetu wa polisi watafurahi kujua kwamba Kiganjo, karibu na Nyeri, palipo na chuo mashuhuri cha polisi cha Kenya, ndipo pia palipo na kituo cha kuangulia trauti.

Lakini nafuu ya kweli ni kujifungia mwenyewe. Jambo hili si geni duniani. Mwandishi wa Kirumi, Claudius Aelianus, zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo juu ya ndoano na kuwahadaa samaki. Na katika karne ya 20 Mwingereza Frank Sawyer, mlinzi wa Mto Avon, alitengeneza nzi mmoja mashuhuri kwa vitu viwili tu mbali na ndoano: nyuzi za manyoya ya mkia wa ndege aina ya kwale mkubwa wa Ulaya, na waya mwembamba wa shaba. Hakutumia hata uzi wa kushonea. Waya ndio uliofunga, na waya huo huo ndio uliomzamisha nzi.

Sisi hatuna ndege yule, lakini tunaye kanga, tunaye jogoo, na waya wa shaba umejaa ndani ya redio na mota zilizoungua. Ndoano nunua mpya, nazo zihesabu kwa uangalifu: namba 16 ni ndogo kuliko namba 8. Kwa ndoano ishirini, redio moja mbovu na manyoya ya jogoo wa sikukuu, kaka yangu alipata nzi wa miezi mitatu.

Hapo ndipo nilipoona kile daktari alichokuwa akikitafuta. Kazi ya kuzungusha waya ilihitaji vidole vya mkono wa kushoto kushika unyoya na vya kulia kuzungusha. Juma la kwanza alidondosha kila kitu. Juma la nne alimaliza nzi watatu kwa jioni moja. Watoto walianza kujikusanya mezani, mmoja akishika taa, mwingine akichagua manyoya, na ukimya wa nyumba ukavunjika wenyewe bila ya mtu kuuamrisha.

MAHALI NA WAKATI WA NAFUU

Wenye ndugu ng'ambo wajue kwamba katika nchi za baridi msimu wa kuvua trauti hufungwa katika mito mingi majira ya kupukutika kwa majani. Hapo maduka hupunguza bei ya mali ya mwaka unaopita ili kupisha mpya. Namba 8 ya mwaka jana ni ile ile namba 8 ya mwaka huu. Kilichobadilika ni rangi. Lakini kabla ya kushangilia, jumlisha gharama ya kusafirisha na ushuru wa forodha. Nimeona kitu cha nusu bei kikifika hapa kwa bei na robo.

Wageni wanaoondoka nchini, na waongozaji wa wavuvi wanaobadilisha vyombo, nao huuza kwa nafuu. Mimi mshipi wetu wa sasa niliupata kwa mwongozaji mmoja. Ulikuwa DT8F, ncha moja imechanika, na kila mtu aliukataa kwa ajili ya ncha hiyo. Niliomba ruhusa ya kuupima. Mizani ya sonara ikasoma gramu 13.5. Niliulipa kwa shilingi 35,000, nikaugeuza, na ncha yake ya pili ilikuwa kama haijawahi kuona maji.

Nanyi mnaolinda maziwa yetu dhidi ya uvuvi haramu, kazi ambayo jeshi lilianza kuifanya mwaka 2017, mnajua kuliko mimi kwamba chombo kisichoruhusiwa na sheria hakina urahisi wowote. Kabla ya kuvua popote, uliza kwanza ofisi ya uvuvi juu ya kibali na juu ya samaki wanaoruhusiwa. Adhabu pia ni sehemu ya bei.

Na usalama nao una gharama yake. Ufito wa kaboni hupitisha umeme. Usiunyanyue chini ya nyaya za umeme, na radi zikianza, nazo kandokando ya Ziwa Viktoria si haba, ulaze chini uondoke. Penye mamba usiingie majini. Mto chini ya mabwawa ya Jinja hubadilika kina kulingana na uzalishaji wa umeme. Jiwe ulilosimama juu yake asubuhi laweza kuwa chini ya maji alasiri.

JIBU KWA MAMA

Sasa namrudia mama aliyeniandikia. La, dada yangu, urahisi si sababu ya kutosha. Kila kitu kina bei tatu: ile inayoandikwa dukani, ile ya kukifanya kifanye kazi, na ile ya fedha hizo kukosekana mahali pengine. Mumeo aliiona ya kwanza tu. Ya tatu unaijua wewe, kwa kuwa wewe ndiwe unayewatandikia watoto usiku.

Lakini nakuomba usimwaibishe mbele ya wenzake, na usivitupe vifaa kabla ya kuvipima. Mwende nyote wawili kwa sonara na mshipi ule. Namba zikilingana na ufito, mpangie utaratibu wa kurudisha fedha za godoro kidogo kidogo, na godoro litangulie kila kitu kingine cha uvuvi. Namba zisipolingana, auze kile kisichofaa kwa mwenye kukihitaji, akisema kweli juu ya kasoro yake. Na umwulize jambo moja ambalo mimi ningepaswa kuulizwa: alikuwa akitafuta nini alipokinunua? Huenda ni anasa tu. Huenda pia ni mtu aliyerudi kutoka mbali na hana maneno ya kueleza kwamba anatafuta mahali pa kutulia. Katika hali hiyo haja ni ya kweli, ingawa ununuzi ulikuwa wa upumbavu.

Kaka yangu amerudi kazini, katika ghala la vifaa. Hajawa mzima kabisa, nami sitawadanganya wasomaji kwamba mto unatibu kila kitu. Dawa zake anameza na kliniki anahudhuria. Lakini Jumamosi moja ya mwezi uliopita tulikuwa kando ya maji, mshipi ukienda mbele mrefu na ulionyooka kama ulivyokusudiwa. Hakupata samaki hata mmoja. Akiwa anakunja mshipi, bila ya kunitazama, alinisimulia juu ya rafiki yake aliyebaki kule, kwa jina lake, kwa mara ya kwanza. Nilisikiliza hadi jua lilipozama.

Gharama zote za vifaa tunavyovitumia sasa, baada ya kurekebisha kosa langu, ni shilingi 215,000. Nimeziandika katika daftari la nyumbani, na chini yake mke wangu ameongeza kwa kalamu yake: "Sasa umenunua kitu."

Juma lijalo, tukijaliwa, tutarudi kwenye maharage na jinsi ya kuyaepusha na fukusi bila ya kutumia dawa za sumu. Endeleeni kuniandikia.